Kiza Upande wa Chini

Watu wa Malaba husema Ojakol alipofushwa na kompyuta. Wengine wanasema ni ile Linux yake, eti kitu cha bure hakikosi kudai malipo kwa njia nyingine. Mimi nimechoka kubishana nao. Nilikaa naye kibanda kimoja kwa miaka saba, meza yake upande huu, mashine yangu ya fotokopi upande ule, na kama yuko mtu anayejua jinsi macho yake yalivyokwenda, ni mimi Akwii, Mama Otukei kama anavyoniita yeye. Niliandika jinsi yalivyokwenda, kwa mkono wangu, kwenye daftari la kurasa mia mbili. Daftari bado ninalo. Lingekuwa la mtu mwingine ningekuwa nimelichoma.

Ojakol alizaliwa upande wa Angurai, kwa mzee Elungat, mtu wa ng'ombe na mtama. Alipomaliza shule aliteremka Malaba kama kila kijana wa kwetu asiyependa jembe, akapata kazi ya kubeba karatasi za mawakala wa forodha kutoka dirisha moja hadi lingine. Halafu mambo yote yakahamia kwenye kompyuta, karatasi zikaisha, na kazi ya miguu ikaisha nazo. Wenzake walipanda malori wakawa matanboi, wasaidizi wa madereva. Yeye akaanza kuomba zile laptop ambazo mawakala walikuwa wanazitupa. Akazifungua, akazifunga, akaharibu nyingi, akajifunza. Nilipokodi nusu ya kibanda chake, kando ya barabara ambapo malori hupanga foleni kusubiri kuvuka, tayari watu walimwita fundi kutoka Malaba hadi Busia.

Kazi yake ilikuwa kuzipa laptop kuukuu maisha ya pili. Laptop ikizeeka, Windows mpya inaikataa au inaitesa, inakuwa nzito mpaka mwenyewe anatamani kuipiga ngumi. Ojakol aliifuta, akaiwekea Linux, ambayo ni ya bure na haibagui wazee. Taabu ilikuwa moja, na kila fundi wa mpakani anaijua: skrini. Unamaliza kuweka, unawasha, skrini ni nyeusi tii. Au picha inakaa katikati, ndogo, na pembeni kote ni weusi mtupu. Au inawaka na mwanga wa kibatari na vitufe vya kuongeza mwanga havisikii. Dawa mara nyingi ni kuandika neno moja mwishoni mwa mstari wa kuwashia mashine, ili isijaribu kutoa picha kwa njia isiyoiweza. Neno alilolitumia zaidi, nomodeset, alikuwa ameliandika kwa kalamu nene kwenye bati juu ya meza yake, na mama mmoja wa kanisa aliwahi kuniuliza huyo ni mtakatifu wa wapi.

Niwaambie macho yake yalivyokuwa, ili mjue kilichopotea. Siku moja dereva wa lori, anaitwa Dancun, aliingia na laptop kwapani.

"Boss, hii imekufa," akasema. "Niliwekewa Linux huko Eldoret, ikawaka siku moja, sasa ni black tu. Jamaa ameniambia skrini imeungua, ninunue ingine."

Ojakol aliiwasha. Skrini haikuonyesha kitu. Akafunga mlango tukabaki gizani, akawasha tochi ya simu, akaimulika skrini kwa upande na kuinamisha kichwa kama kuku anayesikiliza.

"Haijakufa," akasema. "Picha iko ndani, ni mwanga wa nyuma ndio umelala. Hiyo hapo saa, huko chini. Saa nne na dakika kumi na saba."

Mimi na Dancun tuliinama mpaka vichwa vikagongana. Hatukuona chochote. Ojakol akaizima, akaiwasha upya, akaandika neno lake kwenye ule mstari akikisia mahali pa kuliandika, na muda si muda skrini ikawaka. Saa ilikuwa pale pale aliposema. Dancun alimpigia saluti, akavuka Uganda na laptop yake ya kutazamia sinema. Baadaye nilimwambia Ojakol kwamba angezaliwa paka angetajirika, akacheka mpaka bisibisi ikaanguka. Tulikuwa tunataniana hivyo kutwa nzima, na mke wake Amuron akija na chakula cha mchana alikuwa anatukuta tumegombana na kupatana mara tatu.

Sasa daftari. Kila laptop iliyoingia ilipewa mstari wake: ya nani, shida gani, imefanywa nini. Mwandiko wa Ojakol ulikuwa kama wa kuku aliyekanyaga wino, kwa hiyo yeye alisema na mimi nikaandika, nikiwa kwenye kiti changu, bila hata kuinuka. Mwaka jana mwezi wa tatu alinisomea shida ya laptop ya mchuuzi mmoja wa Busia. "Andika: skrini hafifu. Kiza upande wa chini." Nikaandika. Wiki hiyo hiyo akanisomea nyingine, ya karani wa kanisa, kampuni tofauti kabisa, umri tofauti. "Skrini hafifu. Kiza upande wa chini." Nikaandika.

Ya tatu nilisimama kwenda kutazama, kwa sababu mimi ni mdadisi na siku hiyo hakukuwa na wateja wa fotokopi. Niliona skrini safi. Rangi zake zilikuwa sawa, saa ilikuwa sawa, hata ule mstari wa vialama huko chini ulikuwa unang'aa.

"Mbona mimi naona iko sawa?" nikamwambia.

"Wapi? Hapa chini hakuna kiza?"

"Hakuna. Labda ni vumbi kwenye miwani."

Alikuwa amenunua miwani ya kusomea kwa wale vijana wanaoipitisha kwenye foleni ya malori, Amuron alikuwa amemsumbua mpaka akanunua. Wakati huo waliingia mawakala wawili na tanboi mmoja aliyekuja kuchaji simu. Ojakol alitoa miwani, akaipangusa, akairudisha, akatazama skrini tena. Halafu akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote:

"Mama Otukei, macho yako ni ya fotokopi. Yanajua nyeusi na nyeupe, basi. Mambo ya skrini achia fundi."

Wote walicheka. Mimi pia nilicheka, lakini iliniuma hasa. Mtu niliyemwandikia daftari miaka yote hiyo, ananivua nguo mbele ya wateja wangu! Mimi nikiumwa sipigi kelele, nanuna, na mnuno wangu unaweza kukaa msimu mzima wa mahindi. Siku ile niliapa moyoni: akisema nyeusi, nitaandika nyeusi. Si skrini yangu.

Na niliandika. Mwezi wa nne, wa tano, wa sita. Skrini hafifu, kiza upande wa chini. Skrini hafifu, kiza upande wa chini. Yeyote angelisoma daftari lile mara moja angeshtuka, kwa sababu haiwezekani laptop ishirini za watu ishirini ziumwe ugonjwa mmoja mahali pamoja. Lakini sisi tulikuwa na maelezo tayari. Laptop ni kuukuu, imewekewa Linux, na kila mtu anajua kuwa Linux kwenye mashine kuukuu inasumbua skrini. Fundi wa baiskeli angepata shida ya macho angesema hivyo, macho yananisumbua. Ojakol alikuwa na mahali pa kuitupia lawama kila asubuhi, na mahali penyewe paliwahi kuwa na makosa kweli, tena mara nyingi.

Mambo mengine niliyaona na kuyapa majina yangu mwenyewe. Alipiga teke ndoo yangu ya maji mara mbili kwa wiki moja. Nikimwekea kikombe cha chai mezani, mkono wake ulikipita kisha ukakiangusha. Alijikwaa kwenye kizingiti alichokijenga yeye. Mimi nikasema kimoyomoyo, kumbe siku hizi anaanza ajono asubuhi. Nilimhukumu hivyo, na wala sikunusa pombe kwake hata siku moja.

Hata huko kwenye ajono kwenyewe alikosana na watu. Mwishoni mwa mwezi wa saba tulikuwa kwa Okwakol, binamu yake, huko Angurai, tukimaliza matanga ya mama yao mdogo. Wanaume walikuwa wamezunguka chungu cha pombe, mirija mirefu mdomoni, na wasio na mirija wakisubiri zamu. Mzee Okurut alinyonya, akatoa mrija wake, akamnyoshea Ojakol kwa chini chini, jinsi mtu anavyompa mwenzake bila kukatiza mazungumzo. Ojakol hakuupokea. Aliendelea kutazama mbele, na mrija wa mzee ukabaki ukining'inia hewani, ukidondosha matone juu ya vidole vyake. Kwetu ukimnyima mtu mrija unaeleweka. Ukipewa ukaukataa, hilo ni tusi.

"Kijana wa Malaba amekuwa mkubwa," Okurut akasema.

Ojakol aligeuka huku na huku, akauliza kuna nini. Wanaume wakarudia mirija yao. Nilikuwa nimeketi na wanawake si mbali, na niliona kila kitu, nikafikiri: ndivyo alivyo, kiburi kimempanda. Amuron peke yake ndiye aliyekunja uso kwa namna nyingine. Njiani alimwuliza mumewe mbele yangu kama hakuuona mrija. Akasema mrija gani. Wiki iliyofuata Amuron akamwambia aende kupimwa macho. Ojakol akamjibu kwamba miwani anayo, na kazi imejaa, atakwenda shule zikifunguliwa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya Butula. Shule moja ya huko ilipewa laptop kumi na tisa kuukuu na wanafunzi wake wa zamani, na mwalimu wa kompyuta, madam Nabwire, akazileta kwa Ojakol likizo ya mwezi wa nane ili zote ziwekewe Linux. Sijapata kumwona amefurahi vile. Watoto ambao walikuwa wanachorewa kibodi ubaoni wangepata kugusa kibodi. Aliziweka zote kwa siku mbili. Nilizipita zikiwa zimepangwa mezani, zimewaka, kumi na tisa, safi kama sahani za arusi.

Siku ya tatu akaniambia nilete daftari. "Andika: Butula, zote. Skrini hafifu. Kiza upande wa chini."

Kalamu ilikuwa mkononi. Nilitazama zile skrini, zilikuwa nzima. Nikamtazama yeye, naye alikuwa ananisubiri, uso umenuna, na nikakumbuka macho ya fotokopi. Nikaandika.

Wiki tatu akapigana nazo. Alijaribu neno hili kwenye mstari wa kuwashia, akalitoa, akajaribu lile. Akafungua vifuniko, akachomoa nyaya za skrini na kuzichomeka upya. Akaongeza mwanga mpaka mwisho. Akaandika kwenye lile baraza la mtandaoni ambapo mafundi wa Linux wa dunia nzima husaidiana, nao wakamwomba picha ya tatizo. Aliniagiza niipige kwa simu yangu, kwa kuwa kamera yangu ni nzuri. Wakajibu siku hiyo hiyo: kwenye picha yako hatuoni kasoro yoyote. Nilimsomea jibu hilo mimi mwenyewe, neno kwa neno.

"Kamera inajiongezea mwanga," akasema. "Haiwezi kuona kama jicho."

Hapo, jamani, ningeweza kusema. Watu wa ng'ambo walikuwa wamenionyesha njia. Ningesema, Ojakol, si kamera tu, hata mimi sioni kasoro, hata tanboi anayechaji simu haoni. Lakini mnuno ukishazoea mahali haupendi kuhama. Nikasema, "Haya, fundi," nikarudi kwenye fotokopi zangu.

Madam Nabwire alikuja mwishoni mwa mwezi. Wakati huo laptop nne zilikuwa zimezimika kabisa, nyeusi, kwa sababu ya maneno mengi aliyoyarundika kwenye mstari wa kuwashia. Zilizobaki ziliwaka kwa mwanga wote. Madam alifungua moja, akarudisha kichwa nyuma na kukinga macho kwa kiganja.

"Boss, si hii itachoma watoto macho? Punguza kidogo."

"Madam, bado iko na kiza," Ojakol akasema. "Ona hapa chini. Usiharakishe, nataka nikupatie kitu clean."

"Kiza gani?"

"Huku chini. Hakuna saa, hakuna nini. Iko tu kama kivuli."

Madam alitazama skrini, akanitazama mimi. Ni mwanamke mpole, wa kufundisha watoto wadogo, na alisogea taratibu akaweka kidole chake kwenye kona ya chini ya skrini, juu kabisa ya ile saa.

"Kidole changu unakiona, boss? Usiinamishe kichwa. Tazama tu katikati."

Ojakol alitazama katikati. Malori yalikuwa yanapiga honi nje, foleni ilikuwa imesogea. Nilimwona akitafuta, na uso wake ukabadilika kidogo kidogo, wa fundi ukaondoka, ukabaki wa mtu.

"Umeondoa kidole?" akauliza.

"Hapana."

Sikungoja aniulize. Nilichukua daftari na kulifungua mezani kuanzia mwezi wa tatu, na nikaanza kusoma kwa sauti. Ya mchuuzi wa Busia, kiza upande wa chini. Ya karani wa kanisa, kiza upande wa chini. Nilisoma kurasa mbili, madam Nabwire akanishika bega. Ojakol alisema, "Inatosha, Mama Otukei." Kisha akavua ile miwani ya foleni, akaikunja, akaiweka mfukoni kwa uangalifu, utadhani ni ya thamani.

Tulikwenda hospitali ya macho juma lile lile, yeye, Amuron na mimi. Walimpulizia macho, wakamwekea dawa, wakampima hiki na kile. Halafu wakamkalisha mbele ya mashine iliyo kama bakuli kubwa jeupe, wakamfunika jicho moja. Kazi ilikuwa kutazama katikati na kubonyeza kitufe kila unapoona nukta ya mwanga popote ndani ya bakuli. Ojakol alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hizo. "Hii ni skrini tu," akaniambia. Alikaa sawasawa, mgongo wima, kidole kwenye kitufe, kama mtu anayefanya mtihani anaoujua. Mimi nilisimama nyuma yake na niliziona nukta. Ziliwaka nyingi mno, juu, chini, pembeni. Kitufe kililia mara chache. Kulikuwa na vipindi virefu nukta zikiwaka na kuzimika, na yeye amekaa tu, anasubiri, mvumilivu, akiamini bado hazijaanza. Nilitamani kumshika kidole nimbonyezee.

Karatasi ilitoka. Daktari alituonyesha duara mbili, moja kwa kila jicho. Nusu ya chini ya kila duara ilikuwa nyeusi, na kwenye jicho la kushoto weusi ulikuwa umepanda hadi juu na kuacha kijisehemu kidogo. Ojakol aliisogeza karatasi karibu na uso, akaiinua, akaipindisha.

"Daktari, toner yenu imemwagika," akasema. "Muulize huyu mama, yeye ni mtu wa fotokopi."

Alinipa karatasi. Miaka saba mikono yangu imekaa kwenye toner, yaani wino wa unga wa mashine, naijua ikimwagika, ikiisha na ikichafua. Niliipeleka dirishani kabisa. Nilitafuta hata mkwaruzo mmoja wa kumpa. Weusi ule ulikuwa safi.

"Printa yao ni nzima, Ojakol," nikasema. Tangu siku ile ya mawakala, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwambia nilichokiona.

Daktari alieleza kwamba ni presha ya macho, haiumi, haina kelele, inakula pembeni kwanza ili mwenyewe asigutuke. Akauliza kama kwao yuko mtu aliyepoteza macho.

"Baba yangu," Ojakol akasema. "Lakini huyo alirogwa. Kulikuwa na kesi ya shamba."

"Alianza akiwa na umri gani?"

Ojakol alifikiri. "Hamsini hivi. Alianza kwa kukanyaga kuku." Baada ya hapo hakusema tena habari ya kurogwa. Yeye alikuwa na arobaini na saba.

Tuliambiwa watoto wake wote wapimwe, na kwamba matone atakayopewa ni ya kulinda kilichobaki, kwa sababu kilichokwenda hakirudi. "Mngekuja hata miezi sita nyuma," daktari akasema, "jicho la kulia lingekuwa na kazi nzuri bado." Nilihesabu nyuma kwa vidole, mkono ukiwa ndani ya kikoba ili wasinione. Miezi sita nyuma ilikuwa Machi. Ilikuwa mstari wa kwanza.

Nje kwenye baraza, Ojakol akiwa bado ndani anawekewa matone, Amuron alikaa kando yangu. Alikuwa na chupa ya chai ambayo hakuna aliyeigusa.

"Ni wewe ulikuwa unaandika?" akaniuliza.

"Ni mimi."

"Na wewe ulikuwa unaona ziko sawa?"

Amuron hakunitukana, na ningeshukuru kama angenitukana. Alimimina chai, akanipa kikombe, nikakishika mpaka kikapoa.

Weusi ulikwenda mbio kuliko matone. Kufika mwezi wa kumi na moja jicho la kushoto lilijua tu kama ni mchana, na la kulia likabaki na kidirisha huko juu, ambacho Ojakol alikitumia kwa kushusha kidevu kifuani, akionekana kama mtu anayeomba radhi. Mzee Okurut alisikia habari, akaja mwenyewe mpaka Malaba, akakaa kwenye kiti cha wateja. Alipoondoka alimshika Ojakol mkono kwa mikono yake miwili na kumwambia kwamba wakikutana Angurai atamwekea mrija mdomoni kabisa. Walicheka wote wawili. Mimi nilitoka nje nikalie huko kwenye malori.

Zikabaki za Butula. Kulikuwa na mafundi Busia ambao wangezimaliza kwa nusu siku, nami nilimwambia madam Nabwire hivyo. Ojakol alikataa katakata. Alisema yeye ndiye aliyeziharibu na hazitatoka hapa zikiwa zimeharibika. Basi tukakaa. Mimi kwenye meza yake, mbele ya kibodi, yeye kwenye kiti changu karibu na fotokopi. Alinifundisha kuingia kwenye mstari wa kuwashia, na kuyafuta yale maneno aliyoyarundika, moja baada ya jingine. Kila mashine ikiwaka aliniuliza ninachokiona, na alikuwa mkali.

"Usiniambie iko sawa. Niambie unachoona."

Nikamwambia. Juu kushoto kuna vialama vitatu. Katikati kuna picha ya mlima. Chini kuna mstari, na mwisho wa mstari kuna saa. Akasema funga, leta ingine. Zile nne zilizozimika zilitutesa siku nzima, lakini ziliwaka. Aliyakumbuka makosa yake yote kichwani na aliyafuata nyuma kama mtu anayerudi kwa nyayo zake.

Ya kumi na tisa aliomba aiweke magotini mwake. Nikamletea. Alishusha kidevu, akatafuta skrini kwa kile kidirisha cha jicho la kulia, akaitembeza laptop polepole, juu, kando, juu tena. Mwanga wa skrini ulimpiga usoni nikaona ndevu zake zimeanza mvi, nami sikuwahi kuziona.

"Mama Otukei, ongeza mwanga."

"Umefika mwisho."

"Ongeza tu kidogo. Kitufe kiko hapo juu."

Ningeweza kubonyeza. Kitufe kingesema tik, naye angefurahi, na hakuna ambaye angejua. Niliweka kidole juu yake, nikakiondoa.

"Ojakol, mwanga umefika mwisho. Skrini haina kiza popote. Mimi naiona yote."

Mikono yake ilikuwa imeishika laptop pande zote mbili, nikaiweka mikono yangu juu yake. Nilimwambia nisamehe. Nilimwambia nilikuwa naona tangu mwezi wa tatu, na nilinyamaza kwa sababu ya kiburi, kwa sababu ya kuchekwa siku moja. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Alipapasa mpaka akaupata mfuniko, akaifunga laptop taratibu.

"Basi andika hivyo," akasema.

Nikachukua daftari, nikaandika: Butula, ya kumi na tisa. Skrini ni nzima.

"Nisomee."

Nikamsomea.